Corolla DX, hewa ya Dodoma na mita 402

Corolla DX yenye afya ikiondoka kwenye mstari wa mbio za dragi na kukimbia mita 402 hutumia sekunde 17 au 18. Ndani ya muda huo krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) huzunguka kama mara 1,400, na kila silinda huwaka kama mara 700. Injini nzima huvuta hewa isiyojaza mapipa manne ya lita 200 na kuchoma petroli ya mililita 80 hivi, ambayo haifiki nusu ya kikombe cha chai. Kazi yote ndiyo hiyo. Lakini mtu anaweza kukaa miezi sita akifungua, akipima, akichonga na kusubiri spea zipakiwe kwenye basi kutoka Kariakoo, ili ile milipuko 700 ya kila silinda itokee kwa wakati wake na kwa nguvu yake yote.

Ninaipenda kazi hii, na ndiyo maana inaniuma nikiona inavyoanzwa. Kijana anarithi DX ya mjomba wake, anasikia habari za mbio za dragi, na kitu cha kwanza anachonunua ni kabureta kubwa. Cha pili ni ekzosi. Injini yenyewe hajaifungua, hajui silinda zimelika kiasi gani, wala hajajiuliza swali ambalo kwa mtu wa Dodoma ndilo la kwanza: hewa ya hapa ina uzito gani? Nguvu ya injini ni hewa. Petroli unaweza kuongeza utakavyo, lakini bila hewa ya kuichoma itatoka nyuma kama moshi mweusi.

Mbio zenyewe

Dragi ni mbio za magari mawili kwenye mstari ulionyooka, kutoka kusimama hadi mwisho wa robo maili, yaani mita 402, au nusu yake, mita 201. Zilikulia Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, kwenye maziwa makavu ya California na viwanja vya ndege ambavyo havikuwa na kazi. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuwatoa vijana barabarani na kuwaweka mahali penye kanuni. Mstarini kuna mlingoti wa taa: za njano, kisha ya kijani. Saa inayopima safari yako haianzi taa ya kijani inapowaka. Inaanza pale tairi la mbele linapouachia mwale wa taa uliopita chini, karibu na lami. Kwa hiyo unaweza kutumia muda mfupi kuliko mwenzako na bado ukashindwa, kwa sababu ulichelewa kuondoka.

Kwa sisi tusio na fedha za kufukuza magari ya kisasa kuna mtindo mmoja wa haki. Kila dereva hutangaza mapema muda anaoutarajia. Gari la polepole huruhusiwa kwanza, kwa tofauti ya muda iliyotangazwa, na atakayekimbia chini ya muda alioutaja mwenyewe hutolewa. Katika mtindo huo DX ya sekunde 18 inaweza kumshinda mwenye gari la sekunde 12. Hii ndiyo sababu ninasisitiza injini inayorudia kilekile, asubuhi na mchana, mara ya kwanza na ya sita. Injini inayotoa nguvu nyingi leo na kesho ikakohoa haina faida kwa mchezaji wa ridhaa.

Na haya yote ni ya lami iliyofungwa kwa kibali, yenye gari la wagonjwa pembeni na watu wa zimamoto. Barabara ya Iringa si uwanja, wala ya Singida, hata saa nane ya usiku. Kuna mwenye baiskeli isiyo na taa, kuna ng'ombe wa mtu, kuna lori limeharibika na alama yake ni majani tu yaliyokatwa porini.

Injini tunayoizungumzia

Gari ambalo wengi wetu tunaliita DX ni KE70, la mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Hilo la nyuma ni baraka: gari likiondoka kwa nguvu uzito huegemea nyuma, na tairi zinazosukuma hukandamizwa chini badala ya kunyanyuliwa. Injini yake ya kawaida ni 4K. Ukoo wa K ulianza na Corolla ya kwanza kabisa, mwaka 1966, ukiwa na cc 1,077. Baadaye ikaja 3K ya cc 1,166, 4K ya cc 1,290, na 5K ya cc 1,486 ambayo watu wengi huitoa kwenye LiteAce za zamani. Zote zina bloku ya chuma, kamshafti (mhimili unaoendesha valvu) ndani ya bloku, na pushirodi, yaani vijiti vya chuma, zinazopanda juu kuzisukuma roka zinazofungua valvu.

Wapo wanaodharau pushirodi. Ninawakumbusha kwamba Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404, gari ambalo valvu zake nazo husukumwa na pushirodi. Mfumo huo una mpaka wake, kwa sababu vyuma vingi vinakwenda juu na chini na kwenye mizunguko mikubwa valvu huanza kuchelewa kufunga. Lakini kwa injini ya barabarani inayotaka kufika 6,500 kwa dakika, unatosha.

Uzito wa hewa ya Dodoma

Mji wetu upo takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 12 au 13. Chukua meta moja ya ujazo ya hewa Dar es Salaam, joto likiwa nyuzi 30: ina uzito wa kilo 1.16 hivi. Ichukue hapa mchana wa Oktoba, nyuzi 32: kilo 1.01. Silinda inavuta ujazo uleule mahali pote pawili, lakini ndani ya ujazo huo oksijeni si ileile. Injini iliyotoa nguvu farasi 70 pwani itatoa 61 au 62 hapa, bila kitu chochote kuharibika. Watu wamefungua injini nzima na kubadilisha ringi za pistoni wakitafuta nguvu farasi nane ambazo zilibaki Kibaha.

Hata hapahapa Dodoma hewa haitulii. Saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi 18, meta hiyohiyo ina kilo 1.06. Kufikia saa nane mchana imeshuka kwa asilimia 5. Ukitangaza muda wako kwa kipimo cha asubuhi na kukimbia mchana, umejidanganya kwa zaidi ya robo sekunde.

Je, asilimia 12 ya nguvu ina maana gani njiani? Wajenzi wa magari ya dragi wana hesabu ya zamani: gawanya uzito wa gari pamoja na dereva, kwa kilo, kwa nguvu farasi, tafuta mzizi wa tatu wa jibu hilo, kisha zidisha kwa 7.58. Unapata sekunde za mita 402. DX ya kilo 920 na dereva ndani, yenye nguvu farasi 70, inatoa 17.9. Ikiwa na 62 inatoa 18.6. Hesabu hii ni ya kukadiria, haijui kama tairi zako zinateleza, lakini inafundisha jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: kwa sababu ya ule mzizi wa tatu, kupunguza muda kwa asilimia 10 kunahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 37. Na kwenye hesabu hiyo kupunguza uzito kuna kazi sawa na kuongeza nguvu. Kilo 90 zikitoka kwenye gari (ukianzia na kiti cha nyuma, tairi la akiba, jeki, redio na spika zake kubwa) zinakupa zaidi ya nusu sekunde. Hakuna kabureta itakayokupa nusu sekunde bila kufungua injini.

Kompresheni: hapa mlima unatusaidia

Kompresheni ni uwiano wa nafasi iliyopo pistoni ikiwa chini kabisa na nafasi inayobaki ikiwa juu kabisa. 4K ina silinda za kipenyo cha milimita 75 na stroki, yaani safari ya pistoni, ya 73, kwa hiyo kila silinda inafagia cc 322.5. Ikiwa uwiano ni 9 kwa 1, nafasi inayobaki juu ni cc 40.3, tukihesabu chemba ya hedi (kifuniko cha juu cha injini), unene wa gasketi na upenyo mdogo juu ya pistoni. Ukichonga silinda kwa ovasaizi ya 0.50, yaani kipenyo kikubwa zaidi kwa milimita 0.50, kila moja inafagia cc 326.8, na uwiano unapanda wenyewe hadi 9.1. Kufika 10 inabidi nafasi ya juu ibaki cc 36.3, yaani uondoe cc 4.

Kinachozuia watu kupandisha kompresheni ni kugonga: mchanganyiko ukikandamizwa kupita kiasi unawaka kwa kishindo kabla moto wa plagi haujaufikia, na kishindo hicho hutoboa pistoni. Sasa fikiri. Hewa inayoingia kwenye silinda hapa ni nyepesi kwa asilimia 12 tangu mwanzo. Ukiikandamiza mara 10, mgandamizo wa mwisho unakuwa karibu sawa na ule wa mtu wa pwani aliyekandamiza ya kwake mara 9. Kwa hiyo fundi wa Dodoma anaweza kufunga injini ya 10 kwa 1 na kutumia petroli ileile ya pampu ambayo injini ya 9 inatumia Dar es Salaam. Hatupati nguvu yote iliyopotea. Kutoka 9 kwenda 10 kunarudisha kama asilimia 3 tu. Lakini ni asilimia 3 katika kila mlipuko, na kiitikio cha injini mguu unapogusa pedali ya mafuta kinakuwa kikali zaidi.

Usichonge hedi kwa kukisia. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano kubwa. Laza hedi juu chini ikiwa na valvu na plagi zake, funika chemba kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo, kingo zikiwa zimepakwa grisi, kisha jaza mafuta ya taa ukihesabu. Fanya hivyo kwa chemba zote nne. Karibu kila hedi ya zamani niliyoipima imekuwa na chemba zisizolingana, kwa sababu imechongwa mara mbili tatu na watu tofauti na valvu zimesagwa bila kipimo. Chemba moja ikiwa ndogo kwa cc 2, silinda hiyo ndiyo itakayogonga kwanza, na injini nzima italazimika kuishi kwa masharti yake. Linganisha kwanza kwa kukwangua zile ndogo, ndipo umpelekee mkerezaji achonge. Kama chemba ina eneo la sentimita za mraba 35, kila milimita moja ya kuchonga inaondoa cc 3.5. Kumbuka pia kwamba hedi ikishuka, valvu zinaikaribia pistoni. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata udongo kwa wembe na upime unene. Ninataka milimita 2 kwa valvu ya kuingizia na 2.5 kwa ya kutolea. Chini ya hapo silali.

Kufungua na kupima

Hapa ndipo mtu anaposhinda mbio au kuzipoteza, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Bloku ikishavuliwa kila kitu, ing'oe hata vile vikombe vya chuma vinavyoziba njia za maji pembeni. Maji ya Dodoma ni ya visima, ya bonde la Makutupora, na yana chumvi. Kila mtu hapa anaujua ukoko mweupe unaobaki chini ya birika. Sasa birika hilo lichemshe miaka 30. 4K ya kwanza niliyoifunga niliiosha nje ikang'aa, nikaridhika. Haikumaliza mwezi, pistoni ya nne ilikwaruza ukuta wa silinda. Nilipovunja nilikuta nyuma ya silinda hiyo, iliyo mbali kuliko zote na pampu ya maji, njia imejaa ukoko mgumu kama saruji. Geji ya joto ilikuwa ikisoma sawa siku zote, kwa sababu inapima maji yanayopita, na pale maji hayakuwa yakipita. Tangu siku hiyo nakwangua kwa waya, naloweka, nakwangua tena, na kwenye radieta naweka maji yaliyosafishwa pamoja na kulanti.

Kisha kipimo. Silinda haichakai sawasawa. Inalika zaidi juu, pale ringi zinapogeukia, na zaidi upande ambao konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) inaisukumia pistoni. Kwa hiyo pima mahali patatu, juu, katikati na chini, na kila mahali pima mara mbili kwa kukatiza. Vipimo 24 kwa silinda nne, vyote kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na injini ni mali. Ukikuta tofauti ya milimita 0.10 kati ya juu na chini, ringi mpya hazitaokoa kitu. Zitafunguka na kujifunga maelfu ya mara kwa dakika zikifuata umbo la ukuta, na zitachoka. Chonga.

Nunua pistoni kwanza, ndipo upeleke bloku kwa mkerezaji. Watu hufanya kinyume. Pistoni za boksi moja zinaweza kutofautiana kidogo, na kila silinda inapaswa kuchongwa kwa pistoni yake, ukiacha upenyo ambao mtengenezaji wa pistoni ameutaja, kwa kawaida sehemu ndogo kama milimita 0.04 kwa injini hizi. Mwambie akupe michirizo inayokatizana kwa nyuzi 45 hivi, kwa sababu oili inakaa ndani ya michirizo hiyo. Ukuta laini kama kioo haushiki oili na ringi haziwezi kukaa.

Ringi nazo huja na mwanya kwenye ncha. Watu huzitoa kwenye pakiti na kuzivisha. Chukua ringi moja, iingize peke yake ndani ya silinda, isawazishe kwa kuisukuma na pistoni iliyogeuzwa, pima mwanya kwa fila geji. Kanuni ya injini isiyo na turbo ni milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo, kwa hiyo kwa silinda yetu ya 75.5 tunataka 0.30. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto inarefuka, ncha zinagusana, na haina pa kwenda ila kuukwangua ukuta. Kwenye mbio joto hupanda ghafla, kwa hiyo kosa ambalo barabarani lingesamehewa, hapo halisamehewi.

Beringi zina kanuni ya namna hiyohiyo: kama milimita 0.025 za upenyo kwa kila milimita 25 za kipenyo cha shingo ya krankshafti. Shingo ya milimita 50 inataka 0.05. Kuna uzi laini wa plastiki unaouzwa kwa kazi hii. Unaulaza juu ya shingo, unafunga kifuniko kwa nguvu iliyoandikwa, unafungua, na upana wa uzi uliobanwa unakuambia upenyo. Oili inapita ndani ya upenyo huo na kuubeba mzigo wote. Chuma hakigusi chuma, kama umepima vizuri.

Nitasema neno juu ya bolti za konrodi, maana hapo sina mzaha. Nguvu inayozivuta haiongezeki sambamba na mizunguko, bali kwa mraba wake. Kutoka mizunguko 6,000 kwenda 7,000 mzigo unapanda kwa asilimia 36. Bolti iliyokwisha kunyooshwa mara tatu gerejini kwa bomba refu lililovishwa kwenye spana, fundi akisema "imeshika hiyo", ndiyo inayotoboa bloku. Weka mpya, paka oili kama kitabu kinavyosema, kaza kwa toki renchi. Kama huna, azima. Chuo cha ufundi kilicho karibu hakikosi moja. Kwa stroki ya milimita 73, mizunguko 6,500 ni mwendo wa pistoni wa wastani wa mita 15.8 kwa sekunde, na hapo pistoni za kawaida zinastahimili. Mimi naweka alama nyekundu hapo na kuacha.

Kabureta, vumbi na kamshafti

Kabureta haijui kwamba umepanda mlima. Inamimina petroli kwa kufuata mvuto wa hewa inayopita kooni, na hewa ikiwa nyepesi, petroli haipungui kwa kiwango kilekile. Hesabu yake inatoka hivi: hewa ikipungua uzito kwa asilimia 13, mchanganyiko unanenepa kwa kama asilimia 7. Injini inayotaka sehemu 12.5 au 13 za hewa kwa moja ya petroli ili itoe nguvu yake yote inapewa 12 au chini ya hapo. Jeti kuu ya 110, yaani tundu la milimita 1.10, inapaswa kushuka hadi 106 au 105. Jeti mbili za bei ndogo, dakika kumi za bisibisi. Nimeona DX inayotoa moshi mweusi ikiongezewa kabureta kubwa zaidi ili "ipate nguvu", na ikazidi kuzama. Ilikuwa inalia kwa kukosa hewa, ikaongezewa chakula.

Na filta usiitoe. Najua kwenye picha magari ya dragi yanaonekana na makoo ya kabureta wazi. Vumbi letu lina mchanga wa kwatzi ndani yake. Waingereza wa mradi wa karanga pale Kongwa, mwishoni mwa miaka ya 1940, waliona majembe ya matrekta yakilika na udongo huo, na mradi wao ukafungwa 1951 kwa sababu nyingi, udongo ukiwa mmojawapo. Kilichokula jembe kitakula ringi. Weka filta pana, safi, inayovuta hewa kutoka mbele ya gari na siyo ile ya moto iliyozunguka ekzosi. Kwenye 4K kabureta na ekzosi vipo upande mmoja wa hedi, kwa hiyo bati la kukinga joto kati yake ni la lazima.

Kamshafti nitaipitia kwa haraka kwa sababu ushauri wangu ni mfupi: chukua ya wastani. Kamshafti kali inaziacha valvu wazi muda mrefu, na faida yake huja kwenye mizunguko mikubwa ambayo tumekwisha kukubaliana hatuifikii. Kwenye mizunguko midogo inarudisha nje sehemu ya hewa uliyoivuta, na hapa hewa hiyo tayari ni haba. Gari litachelewa kuondoka, na mita 20 za kwanza ndizo zinazoamua mengi. Taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, kadhalika: jumla ya nyuzi 30 hadi 34 kabla ya pistoni kufika juu zinatosha, ukipima kwa taa kwenye mizunguko 3,500 au zaidi. Ukiweza, ondoa platini (swichi inayokata umeme ili plagi iwake) na uweke mfumo wa elektroniki, kwa sababu platini hulika na taimingi husogea nazo, na tulisema tunataka gari linalorudia.

Kuiamsha, na kushuka nayo

Kabla ya kuwasha, toa plagi na uzungushe kwa stata hadi geji ya oili ipande. Injini ikiwaka, usiiache ikisinzia: ishike kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika 20, maana kamshafti mpya na tapeti zake hupata oili kwa kurushiwa na krankshafti, na krankshafti inayozunguka taratibu hairushi. Baada ya hapo mwaga oili na filta yake, uangalie kama kuna chembe zinazong'aa. Kisha endesha. Kutoka mjini hadi Chamwino na kurudi, mara kadhaa, ukikanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, ili mgandamizo uzisukume ringi kwenye ukuta. Kaza hedi tena kama gasketi yako ni ya aina inayotaka hivyo. Rekebisha valvu.

Siku ya kwanza ya kukimbia mita 402, zima injini mara tu unapovuka mwisho, ukiwa umekanyaga klachi, na usiiwashe tena hadi umetoa plagi, gari lisukumwe. Hapo rangi ya plagi inasema kilichotokea chini ya mzigo, na siyo kilichotokea wakati unarudi taratibu. Kahawia hafifu ni njema. Masizi meusi, shusha jeti. Nyeupe yenye vichembe vidogo vinavyometa kama chumvi ni alumini ya pistoni inayoanza kuyeyuka, na siku yako imekwisha hapo hata kama ulishinda.

Vichembe hivyo huonekana zaidi kwa watu wetu wanapokwenda kukimbia kwingine. Morogoro ipo karibu mita 500 tu juu ya bahari, na Dar es Salaam iko baharini kabisa. Injini uliyoifunga kwa kompresheni ya 10 na jeti ya 105 kwa ajili ya hewa ya hapa, kule inakutana na hewa nzito: mgandamizo unapanda, mchanganyiko unakonda, na taimingi uliyosogeza mbele inakuwa imezidi. Mambo matatu yanayosababisha kugonga yanakuja kwa pamoja, na kwa sababu gari linavuta vizuri kuliko lilivyowahi kuvuta, dereva anafurahi na kuzidi kukanyaga. Ndani ya boksi langu la spana kuna kopo dogo lenye jeti mbili za 110 zilizofungwa kwa kitambaa, na karatasi yenye nyuzi za taimingi za pwani, tatu chini ya zile za nyumbani. Nikifika Gairo nasimama kunywa chai, na kabla ya kuanza kuteremka nafungua kabureta.